Matumizi Binafsi ya Mzee Barthélemy

Makao ya wazee ya Glenwood yalikuwa jumba kuukuu la matofali mekundu, lililosimama juu ya kilima kati ya nyumba ambazo vyumba vyake hukodishwa na wanafunzi wa chuo. Mtu akikaa kwenye baraza ya mbele aliziona winchi za bandari ya Durban zikiinua makontena asubuhi hadi jioni. Wazee arobaini na wawili waliishi humo kwa gharama za serikali. Ruzuku zao za uzee zilikwenda moja kwa moja kwa makao kulipia kitanda, uji, dawa na mikono ya kuwaogesha. Kilichosalia ni kiasi kidogo ambacho taratibu za makao zilikiita "matumizi binafsi". Zilikuwa randi mia mbili na hamsini, nazo ziligawiwa tarehe saba ya kila mwezi katika bahasha ya kaki yenye jina la mwenyewe.

Siku hiyo jumba lilichangamka kama nyumba yenye harusi. Bibi mmoja aliagiza ugoro, mwingine vibanio vya nywele, na wa tatu tiketi ya bahati nasibu ambayo haikupata kumletea hata senti. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli alinunua chupa kubwa ya soda, akainywa peke yake hadi tone la mwisho, kisha akalala na tumbo lililojaa gesi na furaha. Wenye mishahara wakisikia kiasi hicho hucheka. Lakini mtu anayeamshwa, kulishwa na kulazwa kwa saa za mwingine huwa na hamu kubwa ya kuamua walau jambo moja kwa akili yake mwenyewe.

Mzee Barthélemy hakununua ugoro wala soda. Alibaki na randi hamsini, na mia mbili zikaondoka siku ileile. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mrefu, mwenye umri wa miaka sabini na minne na mguu mmoja. Wa kulia uliondoka kwa ugonjwa wa sukari. Mke na watoto aliwapoteza vitani, na hakupenda kuulizwa. Alipofika Durban akiwa mkimbizi, alipata kazi ya ulinzi katika yadi ya malori karibu na bandari, pamoja na Pierre-Claver, mtu wa kwao. Miaka ishirini walilinda lango moja na kula sahani moja. Hata Pierre-Claver alipomwoa Agathe, sahani ile haikugawanywa, bali iliongezwa ukubwa tu.

Zile randi mia mbili zilikwenda kwenye chama cha watu wa Uvira. Wenyewe walikiita mutualité. Mtanzania angekiita chama cha kufa na kuzikana, na asingekosea. Kiliundwa na watu saba baada ya mwenzao mmoja kulala chumba cha maiti wiki nyingi bila wa kumchukua, hatimaye jiji likamzika katika kaburi lisilo na jina. Katika daftari la chama, nambari moja alikuwa Pierre-Claver na nambari mbili Barthélemy. Kila mwanachama alitoa randi mia mbili kwa mwezi. Kukitokea kilio, watu walikusanyika katika ukumbi wao Greyville, na kabla maiti hajatolewa, katibu alisimama akasoma majina ya wote waliotoa mwezi huo, kwa mpangilio wa daftari. Kila jina lilipotajwa, ukumbi mzima uliitikia, "Iko!" yaani yupo. Mwenye jina aweza kuwa kazini, kitandani au safarini Johannesburg. Maadamu mkono wake umetoa, ukumbi ulimshuhudia kwamba yupo. Asiyetoa hakusomwa. Wala haikuruhusiwa mtu kumtolea mwenzake, maana zamani mfanyabiashara mmoja mwenye uchu wa uenyekiti aliwalipia watu ishirini kwa mpigo, na chama nusura kivunjike. Tangu hapo kila mkono ulijitolea wenyewe.

Barthélemy alikuwa hajakanyaga ukumbi ule kwa miaka mitano. Ulikuwa ghorofa ya pili, ngazi zake nyembamba, na dereva wa taxi akikiona kiti cha magurudumu hugeuza macho upande wa pili wa barabara. Lakini jina lake halikuhitaji mguu kupanda ngazi. Kila Jumapili Pierre-Claver alikuja kumpa habari. "Juzi walikuitikia kwa nguvu," alisema, "mpaka mama mumoja wa nyuma akaamuka usingizi." Barthélemy alicheka hadi akakohoa, na wiki hiyo yote alimaliza uji wake. Alipenda kuishi, na kwake kuishi kulikuwa ni kule kuitikiwa.

Mwezi wa Mei akaja Scola. Alikuwa binti wa Kitanzania kutoka Tukuyu, aliyekuwa akisomea ustawi wa jamii katika chuo cha jirani, na alipelekwa makaoni kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitano. Moyo wake ulikuwa mweupe kama pamba, na daftari lake jipya. Meneja wa makao, ambaye kwa miaka mitano alizungumza na Barthélemy kwa mikono na Kiingereza cha kuokoteza, alimpokea kama mvua ya kwanza, akamkabidhi mzee huyo siku ileile.

"Shikamoo, babu," Scola alimwamkia.

"Merci, binti," Barthélemy alijibu. Kwao Uvira salamu hiyo haikuwa ya kila siku, naye alikwishaamua kwamba mzee akiambiwa jambo kwa heshima namna ile, jibu lake ni asante.

Walipatana. Scola alimkata kucha, akamtandikia kitanda ingawa haikuwa kazi yake, akamsikiliza akisimulia habari za yadi. Alivyokuwa na jicho la kuona, aliona pia fulana yenye matundu, ngozi iliyopauka kwa kukosa losheni, na ndara iliyofungwa kwa waya. Akajiuliza fedha za mzee zinakwenda wapi. Tarehe saba ya Juni akapata jibu, au alidhani amelipata.

Siku hiyo alikuja Cédric, mweka hazina wa chama, kijana mwenye duka la simu Greyville. Alivaa koti na viatu vilivyong'aa, kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kupokea fedha za msiba akiwa na kaptula. Scola hakulijua hilo. Yeye aliona mtu nadhifu aliyeingia mikono mitupu, akakaa dakika kumi, akatoka na mia mbili za mlemavu.

"Babu, yule kaka ni nani?" aliuliza.

"Cédric. Mutoto muzuri sana."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Anakuyaka kuchukua pesa."

"Pesa ya nini?"

"Ya kilio."

"Kwani nani amekufa?"

Barthélemy alifikiri. "Mwezi huu hakuna. Tunangojea."

Scola aliandika maneno hayo katika daftari lake na kuyapigia mstari. "Anakupa risiti?"

"Risiti ya nini?" Mzee alicheka. "Si wanasoma?"

Hakueleza zaidi, kwa kuwa hakuona cha kueleza. Mtu hasimami akaeleza kwa nini anavaa suruali. Naye Scola hakuuliza zaidi. Alikijua chama cha kufa na kuzikana. Kwao Tukuyu vilijaa tele. Ila huko, mzee asiye na mguu wala mtoto husamehewa michango yote, na watu ndio humpelekea yeye. Kwa hiyo mtu anayemchangisha mzee wa namna hiyo, tena mwenye viatu vinavyong'aa, hawezi kuwa mwema. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na mawazo yake yalinyooka vizuri kabisa, ila yalianzia mahali pasipo pake.

Aliandika ripoti ya kurasa nne kuhusu unyonyaji wa wazee. Mwalimu wake chuoni aliisifu, akampa alama themanini na mbili. Meneja, aliyewaogopa wakaguzi wa serikali kuliko moto, aliisoma mara mbili na kukata shauri: kuanzia Julai, Mzee Barthélemy hatapewa fedha mkononi. Scola atamnunulia vitu anavyohitaji, kwa manufaa yake mwenyewe. Cédric naye aliambiwa langoni kwamba akionekana tena, polisi wataitwa. Karatasi zake za hifadhi ya ukimbizi zilikuwa zikingoja kufanywa upya, na mtu wa aina hiyo habishani na neno polisi. Alirudi Greyville kimya kimya.

Tarehe saba ya Julai Scola aliingia chumbani na mfuko wa plastiki badala ya bahasha, uso wake ukiwaka kwa furaha. Akatoa losheni, pakiti nne za biskuti, juisi za boksi, fulana mbili na ndara mpya za bluu.

"Babu, sasa hakuna wa kukusumbua tena. Pesa yako itakutumikia mwenyewe."

Barthélemy aliziinua ndara akazitazama. "Asante. Na hii ya kuume atavala nani?"

Scola alicheka akidhani ni mzaha.

"Bahasha iko wapi?" mzee akauliza.

"Ndiyo hii, babu. Imekuwa vitu."

"Na mia mbili ya kilio?"

"Babu, wale wanakudanganya."

"Watanidanganyaje? Kile chama mi njo nilikianzisha!"

Scola alimshika mkono kwa huruma. Alikuwa amesoma kwamba wazee wanaonyonywa huwa wa kwanza kuwatetea wanyonyaji wao, kwa hiyo kadiri Barthélemy alivyozidi kukana, ndivyo yeye alivyozidi kuamini. Mzee alipoona hivyo aliacha kubishana. Akauvuta mfuko, akaanza kuvipanga vitu juu ya kabati la kando ya kitanda, vikubwa nyuma na vidogo mbele.

Kufikia siku iliyofuata lilikuwa duka. Biskuti aliziuza mojamoja kwa fundi wa reli. Juisi zilinunuliwa na wajukuu waliokuja kuwaona babu zao Jumapili. Losheni aliichukua bibi wa chumba cha tisa kwa nusu bei. Ndara ya kulia ilihitaji utafiti kidogo, lakini hatimaye alimpata mzee wa chumba cha kumi na moja, aliyekatwa mguu wa kushoto, wakakubaliana bei. Julai hakufa mtu wa chama, naye alimshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi. Mwisho wa mwezi alikuwa na randi mia moja na kumi na tano ndani ya soksi.

Habari za duka zilimfikia meneja, akapiga marufuku biashara vyumbani. Scola aliumia moyo. Alikuwa ametembea maduka matatu kutafuta losheni isiyowasha.

"Hata losheni, babu?"

"Hata losheni," Barthélemy alikiri. "Ilikuwa muzuri. Ilienda haraka."

Mwezi wa Agosti Scola aliamua kununua kitu kisichouzika vipande vipande. Kwa randi mia mbili na hamsini zote alinunua redio ndogo nyeusi, kwa kuwa Pierre-Claver alikuwa ameacha kuja Jumapili na mzee alionekana mpweke. Ilikuwa zawadi ya mtu mwenye upendo. Barthélemy aliiwasha, akasikiliza habari za hali ya hewa kwa Kizulu, akaizima. Kilichomkaa rohoni ni kwamba Pierre-Claver alikuwa hospitali, kifua kimembana, na kwamba jina lake mwenyewe halikuwa katika orodha ya Agosti.

Tarehe kumi na nane, siku ya Jumanne, Cédric alipiga simu mapokezi. Pierre-Claver amefariki alfajiri. Kilio ni Jumamosi.

Kesho yake Scola alipofika kazini alimkuta Barthélemy kwenye mlango wa ofisi, ndani ya kiti chake, amevaa koti lake la pekee.

"Binti, Pierre-Claver amekufa."

"Maskini! Pole sana, babu." Scola alipiga goti kando ya kiti. Alimjua Pierre-Claver, huzuni yake haikuwa ya kuigiza.

"Watasoma majina Jumamosi. Mi niko nambari mbili, nyuma yake. Nipatie mia mbili yangu."

"Babu, ya mwezi huu ndiyo ile redio."

"Rudisha redio."

"Duka halirudishi pesa. Wanabadilisha kwa kitu kingine tu."

Barthélemy alitoa soksi mfukoni. "Iko hapa one-fifteen. Inabakia eighty-five."

Scola alifungua pochi yake bila kufikiri mara mbili. "Hii hapa. Nakupa mimi, babu."

Mzee alirudisha mkono nyuma. "Haiwezekani. Mutu hamutolee mwenzake. Njo sheria yetu."

"Nani atajua?"

"Mi nitajua." Kisha macho yake yakapata mwanga. "Sasa sikia. Nunua redio. Wewe mwenyewe. Eighty-five tu, iko mpya. Hapo pesa inakuwa yangu."

Hapo Scola alisita. Fedha alikuwa nazo, zilikuwa mkononi tayari. Lakini mfanyakazi wa makao haruhusiwi kununua kitu cha mzee, na meneja alikuwa amemwonya wiki moja tu nyuma. Ripoti yake ya mwisho ilikuwa haijasahihishwa. Juu ya yote, aliona waziwazi viatu vile vinavyong'aa vikiondoka na fedha hizo.

"Siwezi, babu," alisema. "Ni kwa faida yako. Hata wasipokusoma, Mungu anakuona."

"Mungu ananiona kila siku," Barthélemy alijibu. "Agathe njo nataka anisikie."

Siku hiyo na iliyofuata Barthélemy aliizungusha redio chumba kwa chumba, marufuku au si marufuku. Bahasha za tarehe saba zilikuwa zimekwisha zamani, na hakuna aliyekuwa na randi themanini na tano. Fundi wa reli alitoa ishirini, akaomba msamaha kana kwamba kosa ni lake. Ijumaa jioni mzee alimwita Scola. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Kesho uende wewe. Aliyekuwa ananileteaka habari njo huyo wanazika. Uniambie wamesoma namna gani."

Scola alikubali. Alikubali kwa huruma, na kidogo kwa shauku ya kuwaona walaghai kwa macho yake.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Wanawake walivaa vitenge vya aina moja, wanaume wameshika kofia mikononi, na jeneza la Pierre-Claver limewekwa mbele chini ya dirisha. Mlangoni, nyuma ya meza ndogo, aliketi Cédric na koti lake. Alimtambua Scola, akainuka.

"Karibu, dada. Papa Barthélemy iko namna gani?"

Upole huo ulimchoma Scola kuliko tusi. "Mnawezaje kumchangisha mzee kama yule?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Hana mguu, hana mtoto. Hamna huruma?"

Cédric alimtazama kwa mshangao. "Eish, dada. Sisi tulishamusamehe zamani, siku ileile aliingia kule kwenu. Tulimwambia, papa, usitoe tena, ukikufa tutakuzika bila hata senti. Yeye njo alikataa."

"Alikataa kwa nini?"

"Mwenye kusamehewa hasomwi," Cédric alisema, na kumwonyesha kiti.

Scola aliketi nyuma. Alijiona kama mtu aliyefunga mlango akakumbuka ameacha ufunguo ndani. Katibu alisimama na kufungua daftari. Alimtaja Pierre-Claver, na ukumbi haukuitikia, maana mwenyewe alikuwa pale mbele amelala. Kisha katibu akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma: "Nambari tatu, Ciza."

"Iko!" ukumbi ukaitikia.

Agathe, mjane, alikuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi. Sasa alikiinua. "Katibu, umeruka."

"Sikuruka, mama."

"Na Barthélemy?"

Katibu alitazama daftari lake, ingawa alijua kilichomo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nambari mbili haiko."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Mama mmoja alimwuliza jirani yake kama Barthélemy naye amekufa, na lini, na mbona hawakuambiwa. Mwingine alisema pengine waligombana, maana wazee nao hugombana. Agathe alisikia yote mawili. "Miaka ishirini mumekula sahani moja," alisema, akiliambia jeneza na si watu. "Leo njo haiko?"

Scola alijikuta amesimama. "Mama, si yeye," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyezuia pesa yake. Alikuwa anataka kutoa. Alijaribu kuuza hata redio. Naomba msome jina lake."

Watu waligeuka wote. Agathe alimtazama kwa muda mrefu, akimpima, huyu mtoto wa watu mwenye Kiswahili cha kwingine na machozi usoni. Hakumkemea.

"Keti, binti," alisema. "Katibu, endelea."

Orodha ya kilio haisomwi mara mbili. Katibu aliendelea hadi nambari tisini na sita, na kila jina liliitikiwa kwa sauti kubwa.

Ndani ya taxi ya kurudi Glenwood, Scola alitunga uongo. Aliutunga vizuri. Walikusoma, babu, wakakuitikia hadi madirisha yakatikisika. Ungemponya mzee, wala hakukuwa na mtu mwingine wa kumpelekea habari tofauti. Kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, taxi iliposimama, aliurudia neno kwa neno. Lakini alipokiona kiti cha magurudumu barazani, na koti lile, na uso ulioelekea barabarani tangu asubuhi, aliuacha uongo ule. Alikwisha kuamua mengi kwa niaba ya mtu huyu. Hakuthubutu kumwamulia na hili.

"Walisoma?" Barthélemy aliuliza.

"Walisoma, babu."

"Nambari moja?"

"Walinyamaza wote."

"Muzuri. Njo inafaa." Akasubiri. "Na nambari mbili?"

"Walisema haiko."

Barthélemy aliitikia kwa kichwa, polepole. "Agathe alisikia?"

"Alisikia. Alikuulizia, babu. Nilisimama nikamwambia ni mimi niliyezuia."

"Akasema nini?"

"Akaniambia niketi."

Mzee alilia. Alilia mchana kweupe mbele ya wageni na wahudumu, bila kujifuta, na fundi wa reli aliyekuwa barazani akaondoka ili asimtazame. Scola alibaki amesimama, kwa sababu hakujua pa kuiweka mikono yake.

Jumatatu aliingia kwa meneja kabla hajavua mkoba. Alieleza kila kitu, akaomba ripoti yake iondolewe na mzee arudishiwe bahasha yake. Meneja alilalamika sana kuhusu wakaguzi, lakini alikubali, na mlinzi wa lango akaambiwa amruhusu Cédric kuingia. Alama themanini na mbili hazikufutwa. Mwalimu alisema kazi ilikuwa imeandikwa vizuri.

Tarehe saba ya Septemba bahasha ya kaki ilirudi. Cédric alikuja na viatu vyake, akapokea mia mbili kwa mikono miwili, akapiga porojo dakika kumi, akaondoka. Scola alingoja hadi chumba kikawa kitupu, ndipo akaingia.

"Babu, nisamehe."

"Nimekusamehe, binti. Wewe haiko mutu mubaya." Barthélemy aliziweka randi hamsini zake chini ya mto, akaunyoosha mto kwa kiganja. "Pesa imerudi. Lakini Pierre-Claver hatakufa mara ya pili."

Kisha akamwomba amsaidie kulala. Scola aliyavuta mashuka, akayanyoosha pembe zote nne kama alivyofanya tangu Mei. Kila siku kitanda kile alikiona safi, laini, kimekamilika, na kila siku alidhani anajua anachokosa mwenye kukilalia. Waliosema walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.